Masikio Yasiyoazimwa

Namna nilivyofika Usikivu si habari ya kumchosha mtu. Njia ipo, niliifuata, nikafika. Cha kusimulia ni kile kilichonilaki mpakani: sikio la jiwe, kubwa kuliko nyumba ya ghorofa, limesimikwa juu ya lango, na chini yake wanaume wawili wenye ngazi ambao kazi yao ni kulipangusa vumbi. Niliwauliza linasikia nini. Wakacheka kwa adabu, wakasema hilo ni la mapambo, yanayosikia yako ndani.

Ndani nilipokewa na Bwana Mshamu, Mkuu wa Wageni, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Kifuani kwake lilining'inia sikio dogo la shaba kwenye mnyororo. Watumishi wote wa nchi ile huvaa masikio ya namna hiyo, kila idara na madini yake: askari ya chuma, matabibu ya fedha, watu wa ustawi ya bati. Wanapotembea, masikio hugonga vifungo vya nguo na kulia, nawe unajua ofisi inakuja kabla hujaiona.

"Bi mgeni, karibu sana," alisema. "Kwa mila yetu mgeni ana ombi moja lisilokataliwa. Moja tu. Wa mwaka jana aliomba sikio la dhahabu. Aliyemtangulia aliomba mtaa uitwe kwa jina lake. Wewe usiwe na haraka, tafakari."

Nilisema nitatafakari. Mimi hasira zangu ziko karibu, na umri umenifundisha nisiombe kitu katika nyumba ambayo bado sijaliona jiko lake.

Kilichonivutia kwanza ni watoto. Nimelea watano wa tumboni na wajukuu juu yao, kelele nazijua. Mitaani Usikivu watoto walipita wameshikwa mikono na watu wazima, na wengi wao hawakutoa sauti hata kidogo. Hakuna aliyelilia kubebwa, hakuna aliyeuliza kwa nini. Mmoja aliangusha andazi lake mchangani, akalitazama, akaendelea na safari.

"Watoto wenu wametulia," nilimwambia Bwana Mshamu, na wakati huo nilikuwa nawasifia.

Alifurahi mpaka sikio lake likatikisika. "Hao wameshapita Njia ya Haki," alisema. "Kesho nitakupeleka ukaione. Hakuna nchi nyingine inayomsikiliza mtoto kama sisi."

Hapa sina budi kueleza jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Katika nchi ile sauti ya mtu huchakaa kwa kusimulia machungu. Akipiga soga, akiimba, akigombana sokoni, haipungui. Lakini akisimulia lililomuumiza hupungua, na akilisimulia tena kabla hajapumzika hupungua zaidi. Mtu mzima ana akiba kubwa, mtoto ana kidogo. Kila mtu Usikivu analijua hili kama anavyojua kwamba sabuni huisha, na hakuna aliyeniambia mpaka nilipouliza.

Sheria yao kuu nayo inasema kwamba mtoto aliyeumizwa atasikilizwa na kila Nyumba, na kila Nyumba itasikiliza kwa sikio lake yenyewe. Sikio haliazimwi. Nyumba ni nne, Ulinzi, Ustawi, Tiba na Mizani, na kila moja imejengwa juu ya kilima chake ili isije ikasikia kwa bahati mbaya yaliyosemwa kwa jirani. Mtoto huvipanda vilima vyote siku moja. Jua likizama, Mizani hufunga mlango, na shauri ambalo halijafika hapo huhesabiwa limekwisha. Halifunguliwi tena, na mtoto hurudi alikotoka.

"Na akifika Mizani sauti imekwisha?" niliuliza.

"Basi amepona," alisema Bwana Mshamu. "Ni elimu ya siku nyingi hiyo. Mtoto mwenye maumivu husema. Asiyesema hana maumivu."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania.

Asubuhi yake tulisimama chini ya kilima cha Ulinzi kumsubiri mtoto wa siku hiyo. Aliitwa Siwema, msichana mwenye mapengo mbele na gauni la kijani lililomzidi mabega. Nzi alipomtua usoni alitikisa kichwa badala ya kumfukuza kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mkono ule hakuuinua kabisa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikwa na mwanamume mtanashati, kanzu imepigwa pasi, aliyekuwa akiwasalimia walinzi mmoja mmoja kwa majina yao na kuwauliza hali za wake zao.

"Yule nani?" niliuliza.

"Bwana Ngwali, baba yake mdogo. Ndiye mlezi, wazazi wamefariki."

"Na aliyemuumiza?"

"Bwana Ngwali," alisema, kwa sauti ileile.

Nadhani nilisema neno lisilofaa kuandikwa. Bwana Mshamu alinieleza kwa upole kwamba Usikivu ni marufuku mtoto kuonekana barabarani bila kushikwa mkono na mwenye nyumba anamolala. Ni sheria nzuri, alisema, tangu itungwe watoto hawapotei.

Tukapanda. Katika Nyumba ya Ulinzi aliketi Afande Kisoma, mtu mwenye mabega ya mraba na sikio la chuma linalong'aa. Mbele yake palikuwa na kiti kirefu mno, cha kupandwa kwa ngazi. Waliniambia kiti ni kirefu ili maneno ya mtoto yaanguke kutoka kimo kimoja na ya mtu mzima, ndiyo usawa wenyewe. Siwema alipanda kwa mkono mmoja. Juu kule miguu yake ilining'inia, akaitazama sakafu, akashika pembe ya kiti. Bwana Ngwali alikaa chini kwenye benchi, uso umeelekea juu kwake, anatabasamu.

"Jina?"

"Siwema."

"Una uhakika?"

"Na jina langu?"

"Na yote utakayosema."

"Nina uhakika," alisema Siwema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Akasema. Alisema ba'mdogo humchapa kwa mwiko wa chuma, na kwamba safari ya mwisho aliuweka motoni kwanza. Alisema ilikuwa jikoni. Alisema alipopiga kelele, ba'mdogo aliwasha redio. Yote aliyasema akimtazama Afande, na mara mojamoja jicho lilimponyoka likaangukia benchi, naye akalirudisha haraka.

Afande Kisoma alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Alipomaliza alisema, "Nimesikia. Nenda Ustawi ukaseme."

"Si nimeshasema?"

"Umeniambia mimi."

Siwema alishuka ngazi akasema asante, na ile asante niliisikia kama imetoka chumba cha pili.

Njiani kwenda Ustawi tulikuwa nyuma yao hatua chache. Bwana Ngwali alitoa peremende mfukoni, akaibandua karatasi kwa meno, akampa. "Pole, mwanangu," alimwambia kwa huruma ambayo ungeinunua. "Vilima vinachosha. Ukitaka kunyamaza wewe nyamaza tu, hakuna atakayekugombeza." Huku akisema hivyo vidole vyake viliubana ule mkono mpaka kucha za mtoto zikawa nyeupe. Nilimshika Bwana Mshamu bega nikamwonyesha. Akasema anaona, wanapendana sana.

Ustawi alikuwapo Bi Semeni, mama mpole mwenye sauti ya kubembeleza na sikio la bati. Yeye alimpa Siwema mwanasesere wa kitambaa amshike wakati anasema. Kiti kilikuwa kirefu vilevile. Siwema akasema tena, mara hii kwa sauti ya mtu anayeongea asiamshe mgonjwa. Alisema ilikuwa uani. Alipomaliza, Bi Semeni alifuta machozi, akamchukua mwanasesere, akamrudisha kabatini kwa ajili ya mtoto mwingine.

Hatujatoka mlangoni akaja mtu mbio, anatweta, akajitambulisha kuwa ni Karani wa Tofauti. Sikuwa nimesikia cheo hicho.

"Hatupelekeani maneno, hilo ni mwiko wa sheria," alinieleza huku akipangusa jasho. "Tunapelekeana tofauti tu. Kule alisema jikoni, hapa kasema uani. Lazima arudi Ulinzi akaeleze upya kabla ya kufika Mizani."

"Jikoni kwetu kuko uani," alisema Siwema.

"Usiniambie mimi," alisema Karani. "Mimi sina sikio." Ni kweli hakuwa nalo. Alivaa kipande cha bati chenye alama ya kutoa.

Nilianza kuhesabu kichwani. Bado Tiba, bado Mizani, na sasa tena Ulinzi. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Na yule mtoto alipokohoa, kikohozi hakikutoa sauti yote.

Nyumba ya Tiba ilikuwa ya Tabibu Zaituni, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya mtu ambaye halali vizuri. Alimtazama Siwema anavyosogea kukiendea kile kiti, akasema, "Usipande." Alikaa sakafuni, akamkalisha mbele yake, akamwomba ruhusa, akafunua gauni begani. Alitazama muda. Kisha akalirudisha gauni taratibu, akapaka dawa pembeni bila kumgusa palipouma.

Siwema akafungua mdomo aanze. Tabibu akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe. "Usiseme, mwanangu."

"Sheria inataka aseme mbele yako," alisema Bwana Mshamu.

"Naijua sheria. Nimeitii hadi nimechoka." Akasimama, akatuita kando, mbali na benchi alikokaa Bwana Ngwali. Aliongea haraka na kwa chini. "Nimemsikia akipumua. Sauti iliyobaki inatosha mara moja. Akinipa mimi, Ulinzi hawapati na Mizani hawapati. Akiipeleka Ulinzi kueleza habari ya jiko na ua, atafika Mizani bubu, nao wataandika amepona. Halafu yule pale," hakumnyooshea kidole, "atamshika mkono arudi naye. Mnajua wanaorudishwa nakutana nao wapi mara ya pili? Sitawaambia."

"Hivi nyie," nilisema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "mmeshindwa kukaa chumba kimoja? Sheria imekataza kuazimana masikio. Imekataza masikio mawili kuwa chini ya paa moja?"

Bwana Mshamu alisema hilo halijawahi kuulizwa. Tabibu Zaituni alinitazama kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akaambiwa ziko mkononi mwake. Alituma watu vilimani wote wakutane bondeni, penye njia panda.

Mkutano ule nitauandika kama ulivyokuwa, msije mkadhani natia chumvi.

Afande Kisoma alisema wazo halina ubaya ila wote waje kwake, kwa sababu kiti chake ndicho kirefu zaidi. Bi Semeni alisema watoto humwogopa askari, waje kwake kwenye mwanasesere. Mjumbe wa Mizani alitangaza kwamba Mwenye Mizani hashuki kilima, vilima ndivyo humpandia. Kikazuka kingine: mtoto akisema neno moja na likaingia masikio manne, neno hilo ni mali ya nani? Wakabishana hapo. Jua linateremka, Siwema amesimama katikati, kivuli chake kimeanza kurefuka, na ule mkono haujaachiwa.

"Muda mzuri huu," Bwana Ngwali alisema kwa upole. "Mtoto amechoka, wakubwa hawaelewani. Niruhusuni nimpeleke akapumzike."

Nilihisi nataka kumrukia. Tabibu Zaituni alinitangulia kwa maneno. "Sawa," alisema kwa sauti kavu. "Sauti iliyobaki ni ya mara moja, na nyie hamwezi kukaa pamoja. Basi chagueni Nyumba moja isikie, tatu zikose."

Masikio yaliacha hata kulia. Kisha Afande akasema Ulinzi haiwezi kukosa kilichosikiwa na Ustawi. Bi Semeni akasema Ustawi haitakubali Mizani isikie peke yake. Mjumbe wa Mizani akapauka, akasema atamkimbilia bwana wake. Nasikitika kuandika kwamba hawakukubali kwa huruma. Walikubali kwa wivu, kila mmoja asije akapitwa. Lakini walikubali.

Pale njia panda palikuwa na banda la kupikia uji wa watoto wanaosubiri, na kwa kuwa uji haukuwa chini ya idara yoyote, banda nalo halikuwa la yeyote. Ndani mlikuwa na meko, mikeka, sufuria kubwa na jamvi limetundikwa kuzuia moshi. Tabibu alisema wakubwa wakae nyuma ya jamvi, wasikie wasionekane, na aingie mtu mmoja tu wa kuongea na mtoto. Masikio yao yalikuwa yakigongana kwa kila pumzi, akawaamuru wayavue. Hapo nusura mkutano uvunjike tena. Mwishowe Afande Kisoma alivua lake la kwanza, akalitumbukiza kwenye ile sufuria tupu, na wengine wakafuata, wamekunja nyuso.

Ikabaki mkono. "Mlezi lazima aingie," alisema Bwana Mshamu. "Sheria ya barabara, na banda liko barabarani."

Bwana Ngwali alishapiga hatua. "Nitakaa kimya kabisa," alisema. "Hata hamtanijua kama nipo."

Siwema alitazama chini. Mabega yake yaliinama, na nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba akiingia naye yule, hakuna atakachosema, leo wala siku yoyote.

"Bwana Mshamu," nilisema, "ombi langu la mgeni."

"Bi mgeni, si sasa."

"Sasa. Naomba mkono wa mtoto huyu."

Alinitazama kwa masikitiko, kama mtu anayemwona mwenzake anatupa mali. Lakini ombi la mgeni halikataliwi. Bwana Ngwali alitabasamu, akauliza mgeni huyu ametoka wapi, ana watoto, mume wake yuko wapi, na muda wote huo vidole havikulegea. Ikabidi Afande Kisoma aje avibandue kimoja kimoja. Mkono wa Siwema ulipoingia kwenye wangu ulikuwa wa baridi na umelowa jasho. Sikuubana. Nilimwacha aushike yeye wangu, kama akitaka.

Ndani, Tabibu Zaituni alikaa mkekani. Alikuwa amechukua bonge la unga uliokandwa, akamkatia Siwema kipande. Hakumuuliza kama ana uhakika. Alimwambia, "Nyuma ya jamvi lile kuna watu wazima wanaotakiwa kukusaidia. Ukisema hapa, wamesikia wote. Hutasema tena kwa mtu mwingine." Siwema alilitazama jamvi. Akaanza kuviringisha unga, na macho yakiwa kwenye unga, akasema.

Sauti ilikuwa uzi. Safari hii alisema mengi kuliko alivyosema vilimani, kwa sababu safari hii hakukuwa na benchi la kuangukia jicho. Alisema habari ya mwiko, na ya jiko lililoko uani, na ya redio. Alisema jambo ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa alitupa sisi na si ninyi. Alisema huwa anahesabu nyimbo za kwenye redio, na kwamba zikifika nne huwa imekwisha. Kuna mtu nyuma ya jamvi alitoa mguno, akauzuia. Sauti ikapungua, ikapungua, na neno la mwisho lilitoka kwa midomo tu.

Akaweka unga mkekani. Alikuwa ameumba kuku.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na Mwenye Mizani akaingia, mzee mpana, amevaa sikio la dhahabu kubwa linalobebwa na watu wawili. Lilikuwa limekwama kwenye kona za kilima, ndiyo sababu ya kuchelewa. Alitazama huku na huku, akakaa juu ya gunia la unga, akasema, "Haya. Mtoto arudie."

Tulimtazama Siwema. Naye alifungua mdomo, kwa utiifu, kwa sababu amezoea kutii, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Shingo ilikakamaa, mishipa ikasimama, kimya. Nje jua lilikuwa limegusa kilima.

Bwana Ngwali alikuwa ameshaingia nyuma ya wabeba sikio. "Mnaona wenyewe," alisema. "Ametulia. Amepona mtoto wa watu." Akanyoosha mkono. "Twende nyumbani, mwanangu."

Siwema alificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo wake. Ule wa kushoto aliuburuta huku uso umekunjamana kwa maumivu, lakini aliufikisha.

"Sheria iko wazi," alisema Mwenye Mizani. Hakuwa mtu mbaya, nilimwona anahangaika. "Sikusikia. Na sikio haliazimwi."

Jamvi likasogezwa. Alitoka Afande Kisoma, kifua chake kitupu, pale lilipokaa sikio la chuma pamebaki alama ya kutu kwenye shati. Alitembea mpaka akasimama kati ya mtoto na mwanamume yule.

"Nakuazima langu," alisema.

"Afande, unajua unachosema?"

"Sijui, mheshimiwa. Sijawahi kukisema." Akaanza. Alisimulia kama alivyosikia, jiko, mwiko, redio. Nilidhani mtu wa kifua kile angelimaliza bila taabu. Lakini machungu ya mtu mwingine nayo yanachakaza sauti, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuyabeba kutoka mlango mmoja hadi mwingine akalijua hilo. Alipofika kwenye nyimbo nne sauti ilimkauka. Akasimama akishika koo, amepigwa na mshangao. Bi Semeni akaja pembeni yake akapokea pale alipoishia, akaenda hadi ikamshinda. Tabibu Zaituni akamalizia, na alieleza alichokiona begani. Hakuna kilichotofautiana. Karani wa Tofauti alikuwa amesimama mlangoni, hana la kuandika.

Mstari wa jua ulikuwa umebaki mwembamba kwenye kizingiti, wote tuliuona. Mwenye Mizani alimtazama Siwema, mikono nyuma. Kisha akajivua ule mnyororo wa dhahabu, na wale watu wawili hawakujua waushike vipi sasa.

"Nimesikia," alisema. "Mtoto huyu harudi nyumba ile. Afande, mshike huyo bwana."

Bwana Ngwali aliendelea kutabasamu mpaka pingu zilipolia. Baada ya hapo alianza kumwita mtoto majina mabaya, na Afande, asiye na sauti, alimtoa nje kwa bega.

Nilikaa Usikivu siku kadhaa zaidi, kwa sababu Siwema hakuuachia mkono wangu na mimi sikuwa na pa kuharakia. Alilala kwa Tabibu wakati shangazi yake akitafutwa. Wakubwa nao walianza mjadala mpya juu ya lile banda. Wengine walitaka liitwe Nyumba ya Tano, wengine wakauliza litavaa sikio la madini gani, na Bwana Mshamu alipendekeza libomolewe lijengwe upya kwa marumaru. Tabibu aliwaambia wakigusa hata meko atawafukuza kwa mchi. Mtoto wa pili alisikilizwa mlemle, mara moja, na wa tatu.

Siwema hakusema. Tulikaa bandani tukiumba kuku wa unga, na sikumuuliza kitu. Tabibu alisema sauti hurudi kwa asiyeulizwa, ila hakuahidi lini. Niliogopa, nasema kweli. Kila asubuhi nilimsalimia, naye alinijibu kwa nyusi.

Asubuhi moja nilimpa bakuli la uji. Akaonja, akakunja uso, akafungua mdomo, ikatoka sauti yenye mikwaruzo lakini ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Ilisikika hadi vilimani. Nikasikia vyuma, bati na fedha vinateremka mbio kutoka pande zote, na mara mlango ukajaa watu wanatweta, kalamu mkononi, Afande mbele.

"Amesema! Amesema nini?"

"Amesema uji hauna sukari."

Waliangaliana. "Tuandike?" aliuliza Bi Semeni.

"Msiandike," nilisema. "Leteni sukari."